Klabu ya watoto melini huilipii Moshi: jibu kwa mama mwenye watoto watatu

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Moshi, nalifupisha. Wifi yake anayeishi Italia amewakatia nafasi kwenye meli ya kitalii ya kampuni ya MSC mwezi wa saba, usiku 7, wanapandia bandari ya Genoa hukohuko Italia. Anaenda na watoto watatu: binti yake wa miaka 8 mwenye pumu, mdogo wa kiume anayetimiza miaka 3 siku ya tatu ya safari na pampasi bado hajaacha vizuri, na mtoto wa dada yake wa miaka 12. Baba watoto anabaki na kazi. Anauliza klabu ya watoto ya kwenye meli, ile sehemu unayowaacha wakicheza wakiangaliwa na wahudumu, anaandikishaje, maana kuna mtu mjini kamwambia nafasi zinawahi kuisha, atoe dola 150, hamsini kwa kila mtoto, amuwekee mapema. Mwisho kaandika hivi: "na kiukweli dada naogopa, nitawaachaje watoto kwa watu nisiowajua tena katikati ya bahari?"

Dada yangu, kwanza kabisa hiyo hela usitoe. Klabu ya watoto wa miaka 3 mpaka 17 kwenye MSC iko ndani ya tiketi ambayo wifi yako ameshalipa, na kampuni kubwa nyingine nazo ziko hivyo hivyo, Royal Caribbean, Carnival, Norwegian, Disney, mchana watoto wanaingia bure. Vinavyolipiwa ni vitu vya pembeni, mfano malezi ya vichanga chini ya miaka 3 kwenye Royal Caribbean na Disney yanalipiwa kwa saa, na kwenye baadhi ya meli ukitaka mtoto abaki klabu baada ya saa nne usiku unalipia saa za ziada. Lakini hakuna mtu yeyote hapa Moshi wala Arusha anayeweza kukuwekea "siti" ya klabu ya MSC, haipo hiyo, uandikishaji unafanyika melini kwenyewe siku mnapanda, na wewe mwenyewe mzazi ndo unaweka saini. Huyo mtu kama ameshachukua kianzio mwombe akurudishie mapema. Mi nina ofisi ndogo ya safari hapa Arusha na kabla ya hapo nilifanya kazi miaka minne klabu ya watoto kwenye meli, nikisikia mzazi anatozwa hela ya kitu cha bure inaniuma sana, maana hizo dola 150, laki tatu na kitu ya shilingi zetu, ndo zingelipia bima ya watoto.

Sasa inavyokuwa. Siku ya kupanda mnafika bandarini, mnapita ukaguzi kama wa uwanja wa ndege wa KIA tu, mnapewa kadi za kabini, mnaingia melini na saa hiyo hiyo kila mtu anakimbilia bufee. Usikimbilie bufee. Yani kama mna njaa kula ndizi moja au biskuti ulizobeba, alafu tafuta ratiba ya siku, iko kwenye karatasi kabini au kwenye programu ya meli kwenye simu, uangalie klabu ya watoto iko sitaha ya ngapi na inapokea wazazi saa ngapi. Mchana ule wa kwanza klabu inakuwa wazi kwa wazazi kuingia na watoto, unaona chumba, unaona choo, unaongea na wahudumu, unajaza fomu bila foleni. Ukichelewa mpaka jioni baada ya chakula utakuta foleni ya wazazi wenye watoto wanaolia na mhudumu amechoka, na hapo ndo fomu zinajazwa harakaharaka. Fomu iliyojazwa hivyo ndo inayokuja kuleta shida, nitakwambia kwa nini.

Kuna kampuni nyingine zinakuruhusu ujaze sehemu ya taarifa onlaini kabla ya safari, Disney na Royal Caribbean wanafanya hivyo, na ni vizuri ukijaza ukiwa umetulia sebuleni kwako. Lakini hata huko lazima uende mwenyewe na mtoto wakamuone, kumpa bangili na kuthibitisha.

Makundi ni kwa umri. MSC chini ya miaka 3 ni kundi la vichanga, 3 mpaka 6 kundi la wadogo, 7 mpaka 11 la kati, 12 mpaka 14 vijana wadogo, 15 mpaka 17 vijana wakubwa. Kwa hiyo watoto wako watatu wataangukia sehemu tatu tofauti, jiandae kwa hilo, waambie kabisa nyumbani kwamba hamtakuwa chumba kimoja. Wazazi wengi wanataka ndugu wakae pamoja na wengine wanajaribu kumuongezea mdogo umri, haiwezekani, tarehe ya kuzaliwa wanayo tayari kutoka kwenye pasipoti. Mkubwa kushuka kukaa na mdogo wake mara nyingine inafikiriwa ukiomba, mdogo kupanda kwa wakubwa ni hapana. Na ukija siku nyingine kusafiri na kampuni nyingine usidhani makundi ni yale yale, Carnival wanaanza miaka 2, Royal Caribbean na Disney miaka 3, kwa hiyo angalia kila safari upya.

Nije kwenye fomu, maana hapa ndo nataka unisikilize vizuri. Wengi wanaiona fomu ni kuandika jina na namba ya kabini basi. Dada, fomu ile ni ya ile dakika wewe hupo. Mhudumu hamjui mwanao, hajui akikohoa ni mafua au ni pumu, hajui akisema "maji" anataka kunywa au anataka chooni, anachojua ni kile ulichoandika. Ni kama matroni wa basi la shule, yule mama anayekataa kumshusha mtoto kwa mtu asiyemjua hata kama mtoto anapunga mkono anasema ni anko. Matroni anaweza kufanya ile kazi kwa sababu kuna siku ulikaa naye ukamwambia nani ni nani. Melini unakaa na fomu.

Mwaka wangu wa pili melini, sitaitaja kampuni, kuna usiku tulikua na mchezo wa kukimbizana na maputo, watoto kama ishirini, kelele nyingi. Kuna mtoto wa kiume wa miaka 7 akatoka katikati ya wenzake akaja kukaa kwenye kile kiti kidogo cha plastiki karibu na meza yangu. Hakulia, hakusema kitu. Nikaona mabega yanapanda na kushuka, na pale chini ya koo ngozi inavutwa ndani kila akivuta pumzi, we mama wa mtoto mwenye pumu unaijua ile. Nikafungua fomu yake, sehemu ya afya iko tupu. Nikapiga simu kabini, inaita tu, wazazi wako kwenye ukumbi wa maonyesho na hawakuandika. Wenzangu wakawaita wahudumu wa afya wa meli wakaja na oksijeni, mtoto akapona vizuri kabisa namshukuru Mungu, ila mama alipofika, ametafutwa ukumbi mzima, akasema "niliogopa nikiandika ana pumu mtamkataa." Na inhela alikua nayo kwenye pochi. Nilimkumbatia tu, sikua na la kumlaumu kwa sababu hata nyumbani huku tunaficha hivyo hivyo, tunaogopa mtoto kubaguliwa.

Kwa hiyo binti yako, andika pumu. Andika inaamshwa na nini, vumbi, baridi, kukimbia, chochote. Andika dalili zake za kwanza, kama anaanza kwa kikohozi kikavu andika hivyo hivyo. Alafu mwambie mhudumu kwa mdomo mkitazamana, fomu na mdomo vyote viwili. Ila jua kitu kimoja, kampuni nyingi wahudumu wa klabu hawaruhusiwi kumpa mtoto dawa, hata panado, kwa hiyo uliza siku ile ya kwanza inhela inakaa wapi, anaruhusiwa kuwa nayo mwenyewe au wewe uje. Kama binti anajua kuipiga mwenyewe muonyeshe mhudumu anavyofanya. Beba mbili, moja yake moja kabini, na ziwe kwenye begi la mkononi siyo kwenye sanduku, maana sanduku ukilikabidhi bandarini linaweza kuletwa kabini jioni. Na barua ya daktari wake iwe kwa Kiingereza, ukienda KCMC au hospitali yoyote anayotibiwa waombe waandike dawa kwa jina la kitaalamu siyo jina la dukani.

Jina nalo. Nyumbani kwetu mtoto anaitwa Junior au Babuu mpaka anaingia darasa la kwanza, alafu kwenye pasipoti ni jina la ubatizo ambalo hajawahi kulisikia. Nimeona mtoto anaitwa mara nne mhudumu anadhani hasikii. Fomu nyingi zina sehemu ya jina analolipenda au analoitwa, iandike, na kama haipo andika pembeni.

Lugha. Hujaniambia wanasoma wapi. Kama ni shule za Kiingereza binti wa miaka 8 atakuwa sawa, MSC Ulaya wahudumu wa klabu wanaongea lugha kadhaa, Kiitaliano, Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania, na matangazo yanarudiwa kwa lugha hizo zote mpaka mtoto anachoka kusubiri yake. Mdogo ndo wa kumfikiria. Mtoto wa miaka 3 wa Moshi anaongea Kiswahili na labda Kichaga cha bibi. Mfundishe maneno manne tu ya Kiingereza kuanzia sasa: choo, maji, mama, naumwa. Manne yanatosha. Na mwandikie mhudumu kikaratasi kidogo chenye maneno hayo kwa Kiswahili na maana yake, "kojo", "maji", "mama", "naumwa", ukibandike nyuma ya fomu. Mi nilikua na vikaratasi vya hivyo vya Kireno na Kikorea ukutani kwangu vimenisaidia sana, mtoto akisikia neno la kwao hata likitamkwa vibaya anatulia.

Sasa huyu mdogo, anatimiza 3 siku ya tatu. Hapa kampuni zinatofautiana. Kuna zinazoangalia umri wa siku ya kupanda kwa safari nzima, na kuna zinazomruhusu kuanzia siku yenyewe ya birthday. Mwambie wifi yako awaandikie MSC barua pepe sasa hivi, atoe namba ya bukingi na tarehe ya kuzaliwa, wajibu kwa maandishi, na hilo jibu mlichapishe mtembee nalo. Siku mbili za kwanza atakuwa kundi la vichanga, pale kuna masaa ya mzazi kucheza na mtoto wake na kuna masaa maalum ya kumuacha, nafasi chache, ndo maana nasisitiza uende mchana wa kwanza. Hii ya vichanga ndo sehemu pekee ambayo kuwahi nafasi kuna maana kubwa.

Na pampasi tuseme ukweli. Kwenye kampuni nyingi kundi la miaka 3 linataka mtoto anayejua choo, Disney na Royal Caribbean hawataki hata zile pampasi za kuvuta kama chupi. Kwingine anapokelewa ila wanakupigia uje umbadilishe mwenyewe. Usitegemee kubadilishiwa. Una miezi kadhaa bado, anza sasa, ila kwa upole, na usimdanganyie kwa kumvalisha chupi juu ya pampasi, wanajua, na aibu inakuwa kwa mtoto mbele ya wenzake. Kama mwezi wa saba ukifika bado, basi bado, mtoto wa miaka 3 hana deni na mtu, utamuacha kwa saa moja moja ukiwa karibu.

Nani anamchukua. Kwenye fomu unaandika watu wazima wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, andika wewe na wifi yako, na kama mume wa wifi yupo naye umwandike. Sehemu nyingi kuna neno la siri au wanaangalia kadi ya kabini na picha yako kwenye kompyuta. Neno la siri usichague jina la mtoto wala la shule, chagua la Kiswahili ambalo hakuna Mzungu atalibahatisha, mi ningeweka "mtori". Mwambie na wifi, maana nimeona shangazi mtu anazuiwa mlangoni kwa sababu mama amesahau kumwandika, mtoto analia anamnyooshea mikono na sisi tunakataa, inauma lakini ndo ilivyo, na ukitulia utaona hicho kinachokuudhi mlangoni ndo kinachomlinda mwanao.

Hapo ndo najibu na woga wako, maana umeuliza utawaachaje kwa watu usiowajua. Uko sahihi kuogopa. Mimi mwenyewe mwanangu wa kwanza nilimuacha kwa jirani akiwa na miezi tisa nikarudi nimekuta nimesahau viatu vyangu pale mlangoni. Tulipokua kazini haturuhusiwi mtu mzima mmoja kubaki peke yake na mtoto mmoja chumbani, hatuingii chooni na mtoto, hatupigi picha kwa simu zetu, mlango una mtu muda wote na kila anayeingia na kutoka anaandikwa na saa. Uliza hayo maswali siku ya kwanza, uliza waziwazi: mnakuwa wangapi kwa watoto wangapi, choo kinakuwaje, mlango nani anakaa. Mhudumu mzuri atafurahi kuulizwa. Akikereka, mchukue mwanao mkale aiskrimu.

Kijana wa miaka 12 ni tofauti. Kundi lake wanaingia na kutoka wenyewe, hakuna kusainiwa na mzazi kama wadogo. Kwa hiyo kabla hamjapanda kubalianeni, saa ngapi anarudi kabini, wapi haruhusiwi kwenda, na haingii kabini ya mtu yeyote hata rafiki aliyempata mchana. Hilo la kabini liseme mara tatu. Ukipita risepsheni omba kadi yake ifungwe isinunue chochote au iwekewe kiwango, kwa sababu melini kila kitu kinaenda kwenye bili ya kabini kwa yuro, na michezo ya mashine inakula hela mtoto hajui hata kama ameitumia, na wewe kumbuka ni mtoto wa dada yako, hutaki kurudi Moshi na deni la kuelezana.

Bangili. Mtoto akiandikishwa anafungwa bangili mkononi, na kwenye meli nyingi ile bangili ina herufi au namba ya kituo chenu cha kukusanyikia wakati wa dharura. Watoto wanaichezea wanaikata, wazazi wanaivua wakienda kuogelea. Usivue. Hiyo inamwambia mhudumu yeyote, hata mpishi, mtoto huyu apelekwe wapi kama kengele ikilia na wewe uko mwisho mwingine wa meli. Na wewe mwenyewe uliza, kengele ikilia watoto wakiwa klabu nani anawapeleka, nawafuata klabu au nawakuta kituoni? Meli nyingi wahudumu wa klabu ndo wanawaleta, na mzazi anayekimbilia klabu anapishana nao kwenye ngazi. Jibu lao lijue kabla.

Zoezi la dharura hudhuria na watoto wote watatu. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio Italia na watu 32 walikufa, na waliopanda jioni ile ile bandari ya Civitavecchia walikua hawajafanya zoezi bado. Baada ya hapo sheria za kimataifa zikabadilishwa, kuanzia 1 Januari 2015 abiria wapya wanafanya zoezi kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. MSC kwenye Mediterania abiria wanapanda bandari tofautitofauti, nyie Genoa, wengine Marseille, wengine Barcelona, kwa hiyo utasikia mazoezi siku zaidi ya moja, lenu ni la siku yenu. Mkifika kabini mwombe mhudumu wa chumba majaketi ya kuokolea ya saizi ya watoto, yaliyopo kabatini mara nyingi ni ya wakubwa, mjaribishe mdogo palepale avae ajue inavyokaa, isije ikawa anaiona mara ya kwanza siku ya kelele.

Na kwa sababu hiyo hiyo ya kupandia bandari nyingi, klabu inapata watoto wapya karibu kila siku. Rafiki aliyempata binti yako jumatatu anaweza kushuka jumatano, mwambie mapema asije akajiona kaachwa.

Akiumwa tumbo, akitapika au kuharisha, usimpeleke klabu. Toa taarifa kwa daktari wa meli. Najua mzazi unafikiria watamfungia, ni kweli anaweza kukaa kabini mpaka daktari aseme sawa, lakini ugonjwa wa kuharisha melini unasambaa haraka sana kwenye chumba cha watoto, ni midoli ile ile mikono ile ile. Daktari wa meli analipiwa na siyo bei ya dispensari, hapo ndo bima inapokuja.

Makaratasi sasa, haraka, maana bila haya hiyo klabu hutaiona. Wifi hawezi kukuombea viza, mtaenda Dar. Kwa viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya ikiwemo Italia, tangu Juni 2024 mtu mzima ni yuro 90, mtoto wa miaka 6 mpaka 11 ni yuro 45, chini ya miaka 6 bure. Kwa hiyo binti 45, mdogo bure, kijana wa 12 analipa 90 kama wewe na atachukuliwa alama za vidole. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000 kwa kila mmoja. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, usisubiri mwezi wa sita. Angalia njia ya meli, kama inagusa nchi isiyo ya Schengen kama Tunisia au Uturuki alafu inarudi Italia, omba viza ya kuingia mara nyingi, watu wanalisahau hili wanakuja kuzuiwa bandarini. Pasipoti za watoto kama bado, ni shilingi 150,000 kila moja, na utahitaji vyeti vya kuzaliwa vya RITA, anza na hivyo kwanza kwa sababu kama cheti kina herufi moja tofauti na jina la tiketi utahangaika.

Baba watoto anabaki, basi aandike barua ya ridhaa mbele ya wakili, itaje majina kamili ya watoto, tarehe za safari, nchi, na wewe ndo unasafiri nao. Dada yako na mume wake nao waandike ya kwao kwa kijana, na hiyo iseme wazi kwamba wewe una ruhusa ya kumsainia fomu melini na kukubali atibiwe. Hiki kipengele cha matibabu mawakili wengi hawakiweki usipowaambia. Kopi tatu, moja kwenye begi la mkononi, moja kabini, moja kwenye simu ya wifi.

Simu: mkishapanda weka kwenye hali ya ndege. Line yako ya huku ikiwa katikati ya bahari inakamata mtandao wa meli na gharama yake ni kubwa mno, unaweza kumaliza salio lote kwa dakika chache. Kwa hiyo kwenye fomu ya klabu usiandike namba yako ya Tanzania ukadhani watakupigia. Andika kabini, na kila unapomuacha mtoto mwambie mhudumu unakwenda wapi, "niko sitaha ya bwawa mpaka saa tisa". Kuna meli zinakupa kisimu kidogo cha kutembea nacho, kuna zinazotumia ujumbe kwenye programu yao, uliza ni ipi na uwajaribishe wakutumie ujumbe mmoja kabla hujaondoka mlangoni.

Siku za kushuka bandarini klabu mara nyingi inabaki wazi, na kampuni nyingi zinaruhusu wazazi washuke watoto wabaki. Mi kwa watoto wako siwezi kukushauri ufanye hivyo. Meli haisubiri abiria aliyechelewa, na wewe ukibaki Marseille watoto wanaondoka bila wewe. Shukeni wote au wewe ubaki na mdogo, wifi ashuke na wakubwa.

Jioni ya kwanza usiwaache masaa matatu. Muache binti saa moja, kaa kwenye kiti nje ya mlango au sitaha hiyo hiyo, umchukue kabla hajaanza kukutafuta, muulize amecheza nini na nani alimsaidia. Kesho yake masaa mawili. Na siku ya tatu asubuhi, kama MSC wamejibu kwamba anaruhusiwa, mkimaliza chai, mchukue mdogo na ile barua ya MSC uende naye mlango wa kundi la miaka 3 mpaka 6, mwambie mhudumu leo ndo birthday yake, umpe na kile kikaratasi cha maneno manne, alafu kaa naye chini kwenye zulia dakika kumi mpaka aanze kucheza na midoli.